Simu Nayo Ipewe Jembe

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa uchoyo. Walijua kwamba nyumba haiwezi kusimama ikiwa ndani yake mna mtu anayekula bila kulima, hata awe mpole na mwenye mazungumzo matamu namna gani. Leo twapenda kuzungumza na wananchi, na hasa ndugu zetu wafanyakazi na wakulima wa mji wa Babati, juu ya mgeni mmoja aliyeingia katika nyumba zetu zote. Siku zake mbili zilikwisha zamani, na bado hatujamwuliza jembe lake liko wapi. Mgeni huyo ni simu ya mkononi, pamoja na fedha ikaayo ndani yake.

Babati ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Arusha hufika hapa na kugawanyika: moja hupita Bonga na kwenda Kondoa na Dodoma, nyingine huelekea Katesh na Singida. Tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha, mji huu ndio makao makuu ya mkoa. Na tangu barabara ya lami itokayo Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, bidhaa za kila namna hufika hapa kwa urahisi ambao baba zetu hawakuujua. Simama asubuhi katika kituo cha mabasi, utaona vifurushi vya viatu, nguo na vyombo vikishushwa. Vimeagizwa Kariakoo kwa simu, vimelipiwa kwa simu, na mara nyingi mwenye kifurushi hakupata kumwona muuzaji hata siku moja. Kijana wa bodaboda hulipwa kwa simu. Mama lishe hupokea kwa simu. Umeme hununuliwa kwa simu, na ujira wa kibarua nao huweza kuingia kwa simu.

Mambo haya hayakuchukua miaka mingi. Wenzetu wa Kenya walianza huduma ya M-Pesa mwezi Machi 2007. Sisi Tanzania tukaipata mwaka uliofuata, 2008, na kampuni nyingine zikafuata kwa huduma zao. Leo akaunti za fedha za simu nchini zimepita milioni 60, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, watoto wachanga wakiwamo. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuna akaunti mbili au tatu. Hakuna benki iliyopata kuingia katika nyumba nyingi namna hii, tangu benki zilipoanza kujengwa katika nchi yetu.

Hatusemi kwamba mgeni huyu ni mbaya. Kusema hivyo kungekuwa kukosa haki na kukosa shukrani.

Hebu tukumbuke mwaka 2017. Kila mtu wa Babati ajua kwamba mbaazi hupandwa pamoja na mahindi, na mahindi yakisha kuvunwa, mbaazi hubaki shambani zikikomaa. Kwa nyumba nyingi mahindi ndiyo chakula, na mbaazi ndizo karo, bati, matibabu na nguo za watoto. Mwezi Agosti mwaka huo India, ambayo ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, iliweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi ziwezazo kuingizwa nchini humo kwa mwaka. Bei ya kwetu ikaanguka vibaya. Mkulima aliyekwisha kukopa kwa kutegemea mbaazi akabaki ameshika tama. Katika miaka ya namna hiyo, ni nani asiyejua thamani ya ujumbe mfupi unaolia usiku, kumbe ni kijana aliyeko Arusha au Mirerani amemtumia mama yake shilingi elfu kumi za unga? Zamani fedha hiyo ingalisubiri msafiri mwaminifu, na msafiri mwaminifu hapatikani kila siku.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Tavneet Suri na William Jack walitazama nyumba za Kenya, na katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2014 walionyesha kwamba nyumba isiyotumia fedha za simu, ikipatwa na pigo kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake hushuka kwa asilimia 7 hivi. Nyumba yenye kutumia fedha za simu haikushuka, kwa sababu ndugu wa mbali walileta msaada. Mwaka 2018 Emma Riley alitoa uchunguzi wake juu ya nyumba za hapa kwetu Tanzania zilizopatwa na mvua mbaya. Naye aliona kwamba wenye fedha za simu waliweza kuendelea kula kama kawaida, lakini majirani zao wa kijiji kile kile wasiokuwa nazo hawakupata nafuu hiyo.

Basi simu imekwisha kuokoa chakula cha watu wengi. Hilo twalikubali kwa moyo mweupe. Lakini mgeni aliyekuokoa siku ya msiba hapati kwa hilo ruhusa ya kula ghala zima siku za kawaida. Na hapo ndipo neno letu la leo lilipo.

Fedha ina historia ndefu katika nchi hii. Wajerumani walipoweka kodi ya kibanda mwaka 1898, walikusudia kuwalazimisha watu wetu waitafute fedha kwa kufanya kazi katika mashamba ya wageni au kwa kulima mazao ya kuuza. Fedha iliingia nyumbani kwa amri, si kwa hiari. Miaka ikapita, nchi ikawa huru, na mwezi Juni 1966 Benki Kuu yetu ikafunguliwa, tukaanza kushika shilingi yetu wenyewe. Katika muda huo wote, ingawa fedha ilibadilika sura na mabwana, jambo moja halikubadilika: fedha ilionekana. Baba aliiweka katika kopo chini ya kitanda. Mama aliifunga katika pindo la kanga. Fundo likifunguliwa, mama aliona limefunguliwa, na mkono wake ulijua uzito wa kilichobaki. Mtu akitaka kununua upuuzi, ilimbidi kwanza alifungue fundo lile mbele ya macho yake mwenyewe, na mara nyingi aibu ilimrudisha.

Fedha ya simu haina fundo. Hutoka bila mlango kulia. Mtu ameketi kitandani usiku, amebonyeza tarakimu nne za siri, na unga wa siku tatu umekwenda zake. Hakuna jirani aliyeona, hakuna mtoto aliyeuliza, na mwenyewe hakuhisi kwamba mkono wake umetoa kitu. Watu wa Babati wanaolima kando ya ziwa letu wanawajua viboko. Kiboko hutoka majini usiku, hula bustani kwa utulivu, na kabla ya mapambazuko amekwisha kurudi majini. Asubuhi mwenye bustani huona nyayo tu. Ndivyo inavyoliwa fedha ya simu: mwisho wa mwezi twaziona nyayo, lakini mnyama hatukumwona.

Tufanye hesabu, maana maneno bila hesabu hayajengi. Tumchukue kibarua wa mjini apataye shilingi 240,000 kwa mwezi. Tuseme hununua bando la shilingi 1,000 kila siku. Hizo ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Tuseme mara kumi na mbili kwa mwezi hutuma au kutoa fedha, na kila mara makato ni shilingi 500. Hizo ni 6,000. Tuseme hubeti shilingi 500 tu kwa siku, ati kwa kujifurahisha. Hizo ni 15,000. Tuseme mara mbili kwa mwezi huishiwa, akakopa katika simu shilingi 20,000, na kila mkopo humtoza ada ya shilingi 2,000. Hizo ni 4,000. Jumlisha: shilingi 55,000. Karibu robo ya jasho lake la mwezi mzima imekwenda bila kuleta nyumbani hata kibaba kimoja cha unga. Kila mama wa nyumba anajua bei ya unga katika soko letu la leo, na aigawe hiyo 55,000 mwenyewe.

Bando si upuuzi lote, hilo twalijua. Kijana anayetafuta kazi, fundi anayepokea wateja, mkulima anayeuliza bei kabla ya kupakia magunia, wote hao wanahitaji mtandao. Lakini tuulizane kwa ukweli: katika ile shilingi elfu moja ya leo, ni senti ngapi zilizolima, na ni ngapi zilizotazama video za watu wanaocheza? Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni la kwetu.

Sasa twende kwenye mikopo, maana hapo kiboko amegeuka kuwa simba.

Wananchi wenyewe wameipa mikopo hii jina la kausha damu, na jina hilo halikutungwa bure. Mtu huambiwa kwamba amepata mkopo wa shilingi 50,000. Fedha inapoingia, anakuta 40,000, kwa kuwa ada imekwisha kukatwa mbele. Baada ya siku kumi na nne anatakiwa kurudisha 50,000 kamili. Kwa hiyo ametozwa shilingi 10,000 kwa kutumia shilingi 40,000 kwa wiki mbili tu, yaani robo nzima ya kile alichopokea. Masharti ya Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili ni riba isiyozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 40,000 hiyo ni shilingi 1,400. Tazameni tofauti iliyopo kati ya 1,400 na 10,000, kisha mniambie kama huo ni mkopo au ni mrija.

Tena ubaya wake hauishii katika riba. Mkopaji akichelewa, wakopeshaji wengine wasio na haya huwapigia simu ndugu zake, mwajiri wake na hata mkwewe, kumtangaza kuwa ni mwizi. Namba hizo walizichukua katika simu yake siku ile alipobonyeza neno «nakubali» bila kusoma. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mambo hayo hayaruhusiwi. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa mitandaoni, na mwezi Novemba mwaka huo huo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikaonya wananchi wasizitumie. Hiyo ni hatua njema na twaisifu. Lakini mwenye kufunga duka moja leo aweza kufungua jingine kesho kwa jina jipya. Ulinzi wa kwanza uko katika kidole cha mkopaji mwenyewe.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo ilitungwa kabla simu haijazaliwa, lakini zamani harusi hiyo ilikuwa na masharti. Mtu akitaka kukopa dukani, ilimbidi aende kwa miguu, amtazame mwenye duka usoni, aandikwe katika daftari, na mwenye duka ajue kwamba amelipa la mwezi uliopita. Aibu ile ilikuwa ukuta. Mkopo wa simu umeubomoa ukuta huo, na haukujenga mwingine mahali pake.

Na michezo ya kubahatisha je? Katika nchi yetu biashara hiyo ni halali, nayo husimamiwa na bodi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria hukataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza. Hatupingani na sheria. Lakini mfanyakazi afahamu hesabu yake: mwenye mchezo hulipa wafanyakazi, matangazo na kodi, kisha hubakiwa na faida. Fedha hiyo yote haitoki mbinguni. Hutoka katika mifuko ya wachezaji. Basi wachezaji wote wakijumlishwa pamoja, ni lazima wapate pungufu ya kile walichoweka. Atashinda mmoja, naye atatangazwa mji mzima. Hawatatangazwa wale mia walioshindwa, wala watoto wao waliokunywa chai kavu asubuhi.

Sasa tufike ndani ya nyumba yenyewe, mahali ambapo magazeti mara nyingi huona haya kuingia.

Zamani mkulima alipouza mbaazi, alirudi na fedha mkononi. Mke aliona magunia yakitoka na akaona fedha ikiingia. Hata mume mgumu ilimbidi aseme kiasi gani kimepatikana, maana kijiji kizima kilijua bei ya siku ile. Leo malipo huingia katika simu ya mtu mmoja, chini ya namba ya siri. Mke aliyepanda, akapalilia na kuvuna, hajui kama ni laki tatu au laki nane. Huambiwa: «Bado hawajalipa.» Kumbe wamelipa tangu Jumanne, na laki moja imekwisha kulipa madeni ya simu. Twasema wazi: namba ya siri iliwekwa ili kumzuia mwizi, haikuwekwa ili kumzuia mke. Na neno hilo ni msumeno, hukata pande zote mbili. Mama naye mwenye fedha zake za kikoba katika simu asiifiche nyumba inapolala njaa, ingawa twajua kwamba akina mama wengi wamelazimika kuficha ili watoto wasikose kula. Simu imempa mama mfuko wake mwenyewe, na hilo ni jema. Lakini nyumba yenye mifuko miwili isiyojuana ni sawa na ng'ombe wawili wanaovuta jembe kila mmoja upande wake.

Wako watakaosema: mambo haya ni ya Serikali na makampuni; mwananchi mdogo hana la kufanya. La, si hivyo, na ushahidi tunao. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala, kufuatana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Tozo hiyo ilikuwa na makusudi ya kujenga zahanati, madarasa na barabara, lakini wananchi waliiona kuwa ni mzigo. Walisema sokoni, walisema vyomboni, na wengine wakarudi kushika noti. Serikali ikasikia. Mwezi Septemba mwaka huo huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 tozo ya kutuma fedha ikafutwa.

Twajifunza nini hapo? Twajifunza kwamba watu walisema kwa sababu waliona. Tozo ilikuja ikiwa imeandikwa katika ujumbe, mstari wake peke yake, na kila mtu akaisoma. Kinachoonekana hujadiliwa, na kinachojadiliwa hurekebishwa. Lakini bando, bahati nasibu na ada za mikopo, ambazo kwa nyumba nyingi ni kubwa kuliko ilivyokuwa tozo ile, hazina mtu anayezipigia kelele, kwa kuwa hakuna aliyezijumlisha. Angalieni pia kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 hukusanywa kwa njia ya LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500. Kodi hii kwa sheria ni ya mwenye nyumba. Lakini ni wapangaji wangapi wa Maisaka na Bagara wanaonunua umeme, hukatwa kodi hiyo mwezi baada ya mwezi, wala hawajapata kumwomba mwenye nyumba aipunguze katika pango? Shilingi 1,500 kwa mwezi ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Aliyeandika katika daftari huidai. Asiyeandika huisahau.

Basi jembe tunalotaka kumpa mgeni wetu ni hilo: daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, kila nyumba iwe na daftari la shule la kurasa mia, na kila usiku simu ilimwage humo kile ilichotumia mchana. Ujumbe wa muamala umo ndani ya simu, hauhitaji elimu kubwa; mtoto wa darasa la nne aweza kuusoma na kuuandika. Safu nne zatosha: chakula, bando, makato, madeni. Jumapili moja katika mwezi mume na mke wakae mezani, na watoto wakubwa wawepo, wajumlishe. Haitakuwa siku ya kugombana ikiwa kila mmoja amekuja na ukweli. Mtoto aliyeona baba yake akihesabu hadharani atajifunza jambo ambalo hakuna mwalimu awezaye kumfundisha.

Pili, wafanyakazi na wanachama walizungumze jambo hili katika mikutano yao. Katika matawi, katika vyama vya wafanyakazi, katika vikoba na vyama vya akiba na mikopo, iwe ni ajenda ya kudumu. Mtu anayehitaji shilingi 40,000 kwa ajili ya mtoto mgonjwa asiachwe aende kwa kausha damu, hali wenzake ishirini wanaweza kuchanga shilingi elfu mbili kila mmoja jioni ile ile. Simu hiyo hiyo inayomkopesha kwa mrija ndiyo iwezayo kukusanya mchango wa ndugu zake kwa dakika kumi. Hapo simu itakuwa imeshika jembe kweli.

Tatu, twataka makampuni na wasimamizi wao watimize wajibu. Kila mteja apewe mwisho wa mwezi, bila malipo na bila kuomba, jumla ya makato yake yote kwa Kiswahili chepesi: umetumia kiasi hiki kwa bando, kiasi hiki kwa kutuma na kutoa, kiasi hiki kwa riba. Mashine zinazojua kutukata senti haziwezi kudai kwamba hazijui kujumlisha. Kabla mtu hajakubali mkopo, aonyeshwe kwa shilingi, si kwa asilimia wala kwa maandishi madogo, atapokea ngapi na atarudisha ngapi. Na mchezaji wa kubahatisha awezeshwe kujiwekea kikomo cha mwezi ambacho hakiwezi kuvunjwa usiku ule ule wa hasira.

Nne, tusiwasahau wasio na simu, au wenye simu lakini hawajui kuisoma. Uchunguzi tulioutaja umeonyesha kwamba jirani asiyekuwamo hapati nafuu ya wenzake. Bibi wa kijijini anayempa kijana asiyemjua namba yake ya siri ili amtolee fedha, amekwisha kuiacha milango yake wazi. Na matapeli wenye ule wimbo wao wa «ile pesa tuma kwenye namba hii» hawachagui mnyonge wala tajiri, lakini mnyonge ndiye anayelia. Kila mwenye kujua awafundishe wawili wasiojua. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Hatusemi simu zitupwe katika Ziwa Babati. Zamani zile zina sifa zake, lakini zilikuwa na mama aliyezikwa kabla mwanawe hajapata habari, na zilikuwa na fedha iliyoibwa ndani ya basi. Hatutaki kurudi huko. Tunachotaka ni kwamba chombo hiki, kinachonunuliwa kwa jasho la mkulima na mfanyakazi, kimtumikie aliyekinunua.

Msimu wa mbaazi huja kila mwaka. Magunia yatatoka, na ujumbe utalia katika simu za watu wa Babati: umepokea. Kabla kidole hakijabonyeza chochote, baba na amwite mama, mama na amwite mtoto mwenye kalamu, na daftari lifunguliwe. Ukurasa wa kwanza uandikwe kiasi kilichoingia, na mbele ya kila mtu.

Mgeni amekula vya kutosha. Jembe liko mlangoni, apewe.